Hatua Arobaini Nyuma ya Mama

Unga wa mahindi ukikaa miaka mingi kati ya kurasa hautoi tena harufu ya chakula. Hutoa harufu ya vumbi na dizeli, na hiyo ndiyo iliyonifikia kwanza nilipofungua sanduku la bati la mama, wiki moja baada ya kumzika kwetu Bungoma. Juu kulikuwa na leso zake za kanisani. Chini kabisa kulikuwa na daftari langu la hesabu la darasa la nne. Kurasa za mbele zilikuwa za kugawanya, zimejaa alama nyekundu za mwalimu. Nililigeuza nikalifungua kutoka nyuma, mahali ambapo mwalimu hakuwahi kufika, nikaona safu mbili nilizozichora kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya siku. Ya pili ilikuwa na neno moja juu yake, “Hatua”, na chini ya neno hilo tarakimu. Ya kwanza ilikuwa 40.

Tuliishi Kibomet, pale Kitale. Baba alifanya kazi Webuye, kwenye kiwanda cha karatasi, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mama aliendesha mashine ya posho ya mtu mmoja aliyekaa mjini. Kwa kweli zilikuwa mashine mbili katika chumba kimoja cha mabati, moja ya kukoboa na moja ya kusaga. Ya kukoboa ililetwa baadaye, na siku ilipowashwa nilisimama nje nikingoja kelele ziwe mara mbili. Hazikuwa. Zilizidi kidogo tu, kiasi cha kunivunja moyo. Niliamua kwamba mashine ile ya pili ilikuwa na haya mbele ya mwenzake.

Nilikatazwa kuingia ndani kwa sababu ya mkanda, maana mkanda wa mashine hauchagui kati ya nguo na mkono. Kwa hiyo mama nilimjua kwa mgongo. Alisimama kutoka asubuhi hadi jioni akiwa mweupe kwa unga, na kila nilipomtazama alikuwa amegeukia mashine. Hakuwa akiiangalia, alikuwa akiisikiliza. Mahindi yakipungua, sauti ya mashine hubadilika, huwa nyembamba kama inayolalamika, na mama alikuwa akimwaga debe jingine kabla mlalamiko haujaisha. Mwanamke mmoja wa kanisani aliwahi kumletea pamba aweke masikioni. Mama alicheka.

“Nikiziba, nitajuaje mahindi imeisha? Na watu si watasema naringa?”

Pamba ile tulisafishia kidonda changu cha goti.

Nilikuwa mtoto wa kupima vitu. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kipimo ni kitu kinachorudiwa bila kubadilika, na maneno hayo yaliniingia kuliko sala. Nilipima uwanja kwa hatua, nikapima njia ya kwenda kisimani. Siku moja nilitaka kujua sauti yangu hufika umbali gani. Saa sita mchana mashine ilizimwa ipoe, na mama alisimama mlangoni akipepeta unga, mgongo wake kwangu. Nilienda hadi kwenye ua wa kayaba, hatua arobaini, nikaita, “Mama.”

Akageuka. “Nini?”

“Hakuna.”

“Wewe Nafula, unaniitia hakuna? Siku moja nitakuja hapo nikupe hiyo hakuna.”

Niliandika 40. Kesho yake nikaandika 40 tena. Niliweka kanuni, kwa sababu bila kanuni kingekuwa kipimo cha uongo. Sauti iwe ile ile ninayotumia kujibu mwalimu anapoita majina. Mashine iwe imezimwa. Kutoka mahali pamoja niite mara moja tu, maana mtu akiita mara ya pili hukaza sauti bila kujua. Asipogeuka, nisogee hatua moja, nihesabu hadi ishirini, niite tena.

Kufikia mvua za masika hatua zilikuwa thelathini na tano. Mahindi yalipobeba zilikuwa thelathini. Sikushtuka mara moja. Nilirudia vipimo, nikakagua urefu wa hatua zangu kwa rula. Nilikuwa nimekua kidogo na hatua zilikuwa zimerefuka kidogo, lakini si kiasi cha kula hatua kumi. Zilipofika ishirini nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Sauti yangu ilikuwa inaisha.

Nisichekwe kwa hilo. Nilikuwa na ushahidi. Baba alipokuja mwisho wa mwezi aliita kutoka langoni, mbali kuliko ua wa kayaba, kwa ile sauti nzito ya watu wanaoshinda kwenye mashine, na mama aligeuka papo hapo. Basi masikio ya mama yalikuwa mazima. Kilichobaki ni mimi. Tena kulikuwa na jambo la Jumatatu. Kila Jumatatu hatua ziliongezeka, tatu au nne, kisha zikashuka polepole hadi Jumamosi. Nilitafakari hilo kwa muda mrefu, nikapata jibu. Jumapili nilikuwa naimba kwaya ya watoto. Kuimba kulitia sauti nguvu, na nguvu hiyo ilitumika wiki nzima hadi ikaisha.

Kwa hiyo niliimba. Niliimba nikichota maji, niliimba nikichambua mboga, hadi majirani wakaulizana kama nimeokoka. Nilikula yai bichi, nikatafuna tangawizi, nikaacha kula embe bichi kwa sababu msichana mmoja shuleni alisema hukata koo. Jioni niliingia katikati ya mahindi ya jirani nikapiga kelele hadi koo likauma. Tarakimu ziliendelea kushuka. Kumi na nane. Kumi na tano. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu niliona aibu, kama vile mtu anavyoona aibu kukojoa kitandani akiwa mkubwa.

Wakati huo huo watu walianza kumsema mama. Kulikuwa na Mama Chebet, aliyeshuka na mahindi yake kutoka upande wa mlima Elgon na ambaye alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Siku moja nilimsikia akizungumza na mwenzake kwenye foleni, mashine ikiwa imezimwa.

“Nimesalimia huyu mama mara tatu. Mara tatu, na ananipa mgongo.”

“Pengine ni mashine.”

“Mashine gani, na imezimwa? Si unaona? Siku hizi hasikii mtu. Ati amepewa ufunguo ya mashine, sasa amekuwa D.O., bosi wa wilaya.”

Wakacheka. Wenye lugha hii wanalijua neno “hasikii” lilivyo na pande mbili. Mtoto anayekataa kutumwa hasikii. Mlevi aliyeonywa na wazee hasikii. Mtu asiyesikia, kwetu, kwanza ni mkaidi, na ugonjwa hufikiriwa mwisho, kama unafikiriwa. Mama Chebet alisema kweli tupu bila kujua ameisema. Mwezi uliofuata alipeleka mahindi yake mashine nyingine. Mama aliniuliza kama nimemuona. Nilisema hapana, na sikumweleza nilichosikia. Sikuona maneno yale yanahusiana vipi na sauti yangu.

Aliyeshuku kidogo alikuwa shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi humwita senge. Alikuja kututembelea, akakaa jikoni akiongea na mama aliyekuwa ameinamia moto. Mama hakujibu. Alipoinua kichwa na kumtazama, alijibu vizuri. Senge alifanya hivyo mara kadhaa, akainama na kuinuka naye, kama mtu anayejaribu swichi ya taa.

“Huyu ananisikia na macho,” akasema. “Likizo hii mtakuja Bungoma, nimpeleke kwa daktari.”

Tulienda. Zahanati yenyewe sitaitaja, na daktari yule simlaumu, kwa sababu nami nilikuwepo na nilijua zaidi yake. Alikuwa kijana mpole aliyetoka mbali, mwenye Kiswahili laini tusichokizoea. Alimtazama mama masikioni kwa tochi, akasema ni safi. Kisha akakaa mbele yake, meza katikati, dirisha likimulika uso wake.

“Mama, nitasema neno kwa sauti ndogo, nawe ulirudie. Sawa? Kalamu.”

“Karamu,” akasema mama.

Daktari akatabasamu, akaweka alama. “Ruka.”

“Luka.”

“Sukari.”

“Sukali.”

Senge alianza kucheka. Daktari naye akawa anazuia kicheko. “Haya. Bata.”

“Pata.”

“Bibi.”

“Pipi.”

“Mama! Mimi nasema bibi, wewe unataka peremende?” Akaweka kalamu chini akacheka kabisa. “Nyinyi watu wa Bungoma mtaniua na Kiswahili chenu.”

Senge alicheka hadi akashika ukuta. Mama naye alicheka, lakini baada yao, alipokwisha kuona meno ya Senge.

“Masikio ya huyu mama ni mazima,” daktari akasema. “Kila neno amelirudia. Hayo mengine ni lafudhi tu.”

Nilikuwa nimesimama kando ya mlango, na mfukoni mwa sweta nilikuwa na daftari. Nililibeba kutoka Kitale kwa sababu nilikusudia, daktari akimaliza na mama, nimwonyeshe ugonjwa wangu. Aliniona nikilitoa.

“Na wewe msichana, una shida gani?”

“Sauti yangu inaisha,” nikasema.

“Inaisha? Mbona mimi nakusikia vizuri kabisa, nawe uko huko mlangoni? Nenda ucheze.”

Nimerudi katika chumba kile mara nyingi kuliko chumba kingine chochote maishani mwangu. Mama alikuwa na lafudhi, hilo ni kweli. Karamu na sukali alisema siku zote, nasi sote tulisema kama yeye. Lakini hakuwahi hata siku moja kumwita bibi pipi, wala bata pata. Simama mbele ya kioo useme bibi, kisha useme pipi, bila sauti. Midomo ni ile ile. Mama hakuwa amesikia neno hata moja. Alikuwa akisoma mdomo wa kijana yule, kama alivyosoma midomo ya wateja kwa miaka mingi katikati ya kelele, na makosa yake yalivaa nguo za lafudhi yetu yakapita mbele ya daktari bila kuulizwa. Mimi nilijua anavyosema bibi. Na nilikuwa nimeambiwa waziwazi, kutoka upande wa pili wa chumba, kwamba sauti yangu inasikika. Vitu vyote viwili nilivishika mkononi na sikuviweka pamoja.

Tulipotoka nje, Senge hakuwa tena na huruma. “Basi kama masikio ni mazima, ni kichwa ndicho kigumu,” akasema, na hayo ndiyo yaliyomfikia baba. Kabla ya zahanati mama alikuwa mtu ambaye huenda anaumwa. Baada yake alikuwa mtu asiyesikia kwa makusudi. Baba alipokuja, alimgombeza kwa kutojibu, na alimgombeza kwa sauti kubwa kiasi kwamba alimsikia kila neno, jambo lililothibitisha kwamba akitaka husikia.

Muhula uliofuata daftari lina tarakimu hizi: kumi, kumi, nane, tano, tano. Halafu kuna siku niliyosogea hadi nikasimama nyuma yake, unga wa khanga yake ukinigusa mkono, nikaita mara moja kwa sauti ya kujibia mwalimu. Alikuwa akifunga gunia. Alimaliza fundo la kwanza, akafunga la pili. Niliandika 0 na nikapiga mstari kwa rula, kama tulivyofundishwa kufanya hesabu inapoisha.

Tangu siku hiyo niliacha kusema nyumbani. Sikununa. Niliona tu hakuna maana ya kutumia kitu kilichokwisha. Nilitikisa kichwa, nikaonyesha kwa kidole, nikafanya kazi zangu. Shuleni nilisema kidogo, kwa kuogopa kumaliza kilichobaki. Mama alinitazama usoni siku hizo kuliko wakati mwingine wowote, alinitazama mdomo hasa, nami niliufunga.

Ukweli ulikuja vipande vipande, bila siku moja ya kufumbua macho. Nilipomaliza shule ya upili kila mtu alikuwa ameshajua kwamba mama ni kiziwi, na hakuna aliyekumbuka kwamba waliwahi kumwita mkaidi. Alirudi Bungoma. Mimi nilibaki Kitale na leo nauza vipuri vya mashine za posho: mikanda, chujio, nyundo za kusagia. Sikusoma zaidi ya kidato cha nne, lakini nilinunua vitabu vya fizikia vya wanafunzi wengine, vilivyochakaa, nikavisoma kwenye kaunta wateja wasipokuwepo. Sura ya sauti nimeisoma hadi kurasa zimelegea.

Nilijifunza kwamba sikio halihesabu kwa kujumlisha. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hupanda kwa kuzidisha: ongeza kumi, na nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio litakwambia imekuwa kama mara mbili tu. Ongeza mashine ya pili sawa na ya kwanza, na kipimo hupanda tatu pekee. Mashine ya kukoboa haikuwa na haya. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kufanya kazi saa nane penye desibeli themanini na tano, na kila zikizidi tatu, muda hugawanywa kwa mbili. Nilinunua kipimo nikakipeleka kwenye mashine ya mteja mmoja. Kilisoma mia moja. Kwa mia moja muda ni robo saa. Mama alisimama pale kutwa, siku sita kwa wiki. Ya saba, Jumapili, masikio yake yalipumzika, na Jumatatu yalikuwa yamepona kidogo. Kwaya yangu haikuhusika.

Nilijifunza pia kwamba ukiwa mahali pa wazi, umbali ukipungua nusu, sauti huongezeka desibeli sita. Arobaini hadi ishirini, mama alikuwa amepoteza sita. Ishirini hadi kumi, sita. Kumi hadi tano, sita. Daktari hakuwa na chombo cha kumpima mama, lakini chombo kilikuwa kimesimama mlangoni mwake na sweta la shule, na matokeo yameandikwa kwa kalamu ya mate. Kati ya tano na sifuri hesabu hainisaidii tena.

Lakini kuna sura moja ambayo niliifunga nikaenda kukaa nje. Inasema kwamba kelele za mashine hazili usikivu wote kwa pamoja. Huanza juu, kwenye sauti nyembamba. Sauti nzito hubaki hadi mwisho. Ndiyo maana mama alimsikia baba kutoka langoni. Sauti nyembamba zinazoondoka kwanza ni za ndege, za herufi kama s na f, na za watoto. Kwa hiyo sikukosea kabisa. Katika sauti zote za uwanja ule, yangu ilikuwa kati ya zile zilizotangulia kwenda.

Nilimwandikia mama mambo haya yote, maana tulikuwa tukizungumza kwa maandishi. Nilimwelezea mashine, Jumatatu, bibi na pipi, nikamwonyesha kwenye kioo. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kisha akasema, kwa ile sauti yake isiyojua tena ukubwa wake, iliyojaa nyumba nzima:

“Hayo ni ya vitabu. Mimi najua wewe ndiye ulinyamaza kwanza.”

Sikumbishia. Daftari nililikuta katika sanduku lake, lakini sijui kama aliwahi kulifungua kutoka nyuma.

Mwezi uliopita nilipita Kibomet kupeleka mkanda. Chumba kile cha mabati bado kipo, mashine sasa ni ya umeme, na inaendeshwa na mwanamke kijana mwenye mtoto wa kunyonya. Ilikuwa saa sita, mashine imezimwa, naye alikuwa mlangoni akipepeta unga, mgongo wake kwangu. Ua wa kayaba umekatwa lakini visiki vipo. Nilipunguza hatua zangu hadi urefu wa mtoto, nikahesabu, nikasimama.

“Mama,” nikaita, mara moja.

Akageuka. “Umeniita, mathe?”

“Hakuna,” nikasema. Kisha nikamwendea, nikampa mkanda, na juu ya mkanda nikaweka vizibo vya masikio vya kampuni nzuri, ambavyo siku hizi huvibeba kila ninapopeleka mzigo. Sikumtoza chochote. Nilimweleza vinavyovaliwa. Alivigeuza mkononi, akacheka kwa adabu, jinsi mtu anavyomchekea mkubwa wake.

“Asante, mathe. Lakini nikiziba, si sitajua mahindi ikiisha?”

Akavitia mfukoni, akaenda kuwasha mashine. Nilirudi hadi kwenye visiki, nikatoa daftari, nikalifungua kutoka nyuma. Chini ya mstari wa rula niliandika siku, na kando yake 40.